Picha za Bahari Iliyochafuka

Sisi wa Kitangari ni watu wa juu ya mwinuko. Bahari kwetu ni habari inayofika sokoni ndani ya gunia la dagaa. Upepo wa kusi unaotikisa mikorosho yetu umekwisha kuchafua maji huko pwani kabla ya kutufikia, lakini ni wachache kati yetu wanaolikumbuka hilo wanapofunga madirisha. Maji yaliyowataabisha mama zetu yalikuwa ya ndoo, yaliyopandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Hata ukisimama Newala, penye ukingo ule uitwao Shimo la Mungu, utaliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake, lakini bahari hutaiona.

Kwa hiyo msomaji asistaajabu tukisema kwamba jambo hili lilipotufikia tulikaa nalo siku kadhaa kabla ya kutamka neno. Dada yetu mkubwa alikuja baada ya swala ya alasiri, akatukuta katika chumba cha kamati tukihesabu michango ya bati, akaketi mlangoni. Akasema: "Mdogo wangu, mkataze huyu mtoto. Bahari imeshachukua mmoja nyumbani kwangu."

Mtoto mwenyewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anayeishi Mtwara na kujipatia riziki kwa kupiga picha za harusi. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa Mikindani, mvuvi, aliyetoka siku moja ya kusi na hakurudi yeye wala chombo chake. Kijana alikuwa na miaka tisa. Dada yetu alimaliza eda yake huko huko, kisha akapanda kurudi kwa ndugu zake. Dini ina mpango wake kuhusu nani ni walii wa nani, nasi tumeusoma. Lakini katika nyumba za Kimakonde neno la mjomba juu ya mpwa lina uzito wake wa zamani, na dada yetu hakwenda kwa baba wadogo wa Mikindani. Alikuja kwetu.

Kosa la kijana, kama ni kosa, ni hili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, wenye vyombo huvivuta nchi kavu, yeye huchukua kamera yake na kuteremka ufukweni. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, aliondoka Mtwara kwenda Kilwa ili awe karibu nacho zaidi. Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4, mvua ikamwagika mkoani Lindi na Mtwara, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga, na simu ya mpwa wetu ikazimika kwa siku mbili. Mwenye mtoto pwani anajua siku mbili za namna hiyo zina saa ngapi.

Tulimwita. Hatukumwita ili tumkaripie, kwa kuwa tumejifunza katika kazi ya ukatibu kwamba mtu aliyeitwa kukaripiwa huja na majibu yaliyokwisha kupangwa. Tulimwambia aje na picha zake, atueleze.

Alikuja akiwa na kompyuta ya mkononi, akazifungua juu ya mkeka. Tunakiri kwamba tulinyamaza. Kulikuwa na miamba ya matumbawe ya Shangani, pale Mtwara, ile iliyoliwa na maji kwa chini ikabaki kama meno, na wimbi limesimama juu yake jeupe kama pamba iliyopasuka. Kulikuwa na picha ya Pemba, kutoka rasi ya Kigomasha, mahali penye mnara wa taa wa chuma, na mawingu meusi nyuma yake. Akatueleza kwamba upande wa pili wa rasi hiyo ufuo unaitwa Vumawimbi, akacheka kwamba wazee waliopapa jina walikuwa wapiga picha kumshinda yeye. Kulikuwa pia na mnara wa Chumbe, aliouchukua akiwa kwenye boti ya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja, mlingoti mweupe juu ya kisiwa cha kijani, na bahari mbele yake imekunjamana.

Alitueleza kazi yenyewe, nasi tuliisikiliza kwa makini kuliko tulivyotarajia. Kamera ikifungua na kufumba jicho lake kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila tone la wimbi husimama peke yake angani. Ukiiacha wazi nusu sekunde, maji huwa kama moshi, na hapo stendi ya miguu mitatu ni lazima, nayo ishindiliwe jiwe kwa chini. Chumvi ni adui: hupenya ndani ya kamera na kuila kimya kimya, kwa hiyo huivalisha mfuko wa plastiki na kuifuta lenzi kila dakika chache kwa kitambaa kilichokauka. Na kubwa kuliko yote ni kuyajua maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na mwamba uliosimama juu yake saa nne asubuhi unaweza kuwa umezungukwa saa sita. Tulimwuliza nani alimfundisha hayo ya maji. Akajibu, "Baba, mjomba. Alikuwa akinipeleka kuchota chambo." Hatukuuliza zaidi.

Kuhusu hukumu ya picha yenyewe hatutarefusha. Wanazuoni wamejadili sana picha za viumbe wenye roho, na wa zama zetu wametofautiana kuhusu kamera. Lakini mwamba, wimbi na mnara si mahali pa ugomvi. Wala Waislamu si wageni wa elimu hii. Ibn al-Haytham, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alichunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuchora upande wa pili kilichoko nje. Kamera zote zimejengwa juu ya jambo hilo. Ingekuwa rahisi kwetu kumkataza kijana kwa fatwa ya haraka, dada yetu akaridhika. Lakini fatwa ya kumtuliza mtu si fatwa.

Kilichotushughulisha kilikuwa kile kijengo chenyewe, mnara. Neno hili tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na shina lake ni nuru: manara ni mahali panapowashwa taa au moto. Ndilo neno lile lile tunalolitumia kwa mnara wa msikiti. Ibn Battuta, ambaye wasomaji wa kusini wanamkumbuka kwa sababu alifika Kilwa mwaka 1331, aliuona mnara mkongwe wa Iskandaria mwaka 1326 ukiwa umeharibika upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umebomoka kiasi kwamba hakuweza kuingia. Kwa karne nyingi mnara ule ulikuwa ukiwaambia mabaharia jambo moja tu, kwamba nchi iko hapa. Siku hizi kila mnara una mwako wake, mmoja huwaka na kuzimika kwa hesabu hii na mwingine kwa hesabu ile, ili nahodha akihesabu sekunde gizani ajue si kwamba yuko karibu na nchi tu, bali ni nchi gani.

Ule wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Mpwa wetu hakujua, kwa sababu kutoka baharini hakionekani, kwamba chini yake kuna msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya mtunza taa. Tulifurahi kumwambia. Hebu mfikirie mtu yule, ndugu msomaji, juu ya kisiwa kisicho na kijiji: jioni anawasha taa ya watu wasiomjua, kisha anateremka kuswali magharibi. Mwaka 1926 taa ile iligeuzwa ikawa ya gesi. Taa za namna hiyo zilitokana na kazi ya Msweden mmoja, Gustaf Dalén, aliyebuni vali inayoufunga mwali wenyewe kunapopambazuka na kuufungua giza linapoingia, bila mkono wa mtu. Mwaka 1912 mtu huyo alipofuka macho katika mlipuko wa gesi, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Aliendelea na kazi yake kipofu hadi alipofariki mwaka 1937.

Sasa tuseme kile ambacho kijana hakukijua kuhusu picha yake ya Chumbe.

Mwaka 2012 tulikuwa wanafunzi Unguja, katika chuo cha Kiislamu. Tarehe 18 Julai, zikiwa zimebaki siku mbili tatu kuingia Ramadhani, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi. Ndani yake kulikuwa na watu karibu 290, na waliookolewa ni kama nusu. Haukuwa umetimia mwaka tangu MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, upande wa Nungwi, ikiwa imezidisha abiria na mizigo. Nungwi nako kuna mnara. Sisi wanafunzi tuliitwa kusaidia, wengine kubeba, wengine kuosha, wote kuswalia. Tulikuwa tukitoka katika jeneza moja kwenda jingine na viatu vimelowa. Jioni, kutoka ufukweni, tuliweza kuuona mwako wa taa upande wa kusini, umetulia kabisa, unakuja na kuondoka kwa hesabu yake kama kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku ile hatukubaliani na wanaosema taa ni ulinzi. Taa haizuii upepo wala haipunguzi abiria waliozidi. Skagit ilizama mchana, jua likiwaka. Taa ni habari tu, na habari inamfaa mwenye uwezo wa kugeuza usukani. Hili tulimweleza mpwa wetu tukiwa tumeishika ile kompyuta yake, na picha nzuri ya mnara mweupe iko mbele yetu. Hakusema kitu. Alikuwa ameusimamisha ule mnara katikati ya picha kama pambo, na maji yale ya mbele, aliyoyasifu kwa rangi yake, yalikuwa ndiyo maji yenyewe.

Ipo picha moja mashuhuri ulimwenguni katika mlango huu, na kijana aliijua vizuri. Ndiyo iliyomtia katika kazi hii. Tarehe 21 Desemba 1989, Mfaransa Jean Guichard alipanda helikopta katika dhoruba hadi kwenye mnara wa La Jument, uliojengwa juu ya mwamba baharini karibu na kisiwa cha Ouessant, magharibi mwa Ufaransa. Wimbi kubwa linaonekana likiukumbatia mnara pande zote mbili, na katika mlango wa chini, mdogo kama punje, amesimama mtu. Picha hiyo imeuzwa na kutundikwa katika nyumba zisizo na idadi. Mtu yule alikuwa mtunza taa, Théodore Malgorn. Kwa nini alifungua mlango katika saa kama ile? Kwa sababu aliisikia helikopta, akadhani imekuja kumwokoa. Alipotambua wimbi linapita nyuma ya mnara alirudi ndani na kuufunga mlango, akasalimika kwa nafasi ya sekunde chache.

Mpwa wetu aliisimulia habari hii kama sifa ya mpiga picha. Sisi tuliisikia kwa sikio jingine. Aliyefungua mlango alitolewa na muungurumo wa aliyekuja kumtazama. Hatumlaumu Guichard, kwani hakumwita mtu. Lakini tuliona hapo ndipo penye swali la dada yetu, ingawa yeye hakuliweka hivyo. Mtazamaji wa dhoruba naye ni mtu aliyemo ndani ya dhoruba. Akisimama juu ya mwamba wa Shangani kwenye bamvua, wavuvi waliokwisha kuvuta vyombo vyao watalazimika kuviteremsha tena kumfuata. Kifo chake, Mungu apishe mbali, hakitakuwa chake peke yake.

Wala pwani yetu si pwani ya mchezo. Wazee wa Lindi wanakitaja bado kimbunga cha Aprili 1952, na Unguja iliwahi kupigwa Aprili 1872 na kimbunga kilichong'oa mikarafuu na kuvunja majahazi bandarini. Mwaka 2019, tarehe 25 Aprili, Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mtwara watu walikuwa wametahadharishwa, na hapa Kitangari tulikesha msikitini na redio tukisubiri, tukaambulia mvua. Tulipoona asubuhi mabati yapo, baadhi yetu walisema tumetishwa bure. Neno hilo lilituudhi. Waliopigwa ni jirani zetu, wengi wao Wamakonde kama sisi, na kama njia ya kimbunga ingepinda kidogo tu, habari ingekuwa yetu.

Usiku ule kijana alimwonyesha mama yake picha. Tulikuwepo. Tulidhani atalia au atageuza uso. Alivaa miwani yake ya kusomea, akazipitia moja moja bila haraka kama mtu anayechagua mchele, na hakusifu hata moja. Alipofika kwenye picha ya Shangani, ile ya wimbi jeupe, akaweka kidole pembeni kabisa, juu, penye kitu cheusi ambacho sisi tulikidhani ni uchafu wa kioo.

"Hiki ni chombo?"

Kijana akaikuza picha. Kilikuwa chombo, ngalawa ndogo, tanga limeshushwa nusu.

"Kilifika?"

Alinyamaza. Tangu siku aliyoipiga picha ile yapata miezi mitano ilikuwa imepita. Alikuwa ameionyesha kwa watu wengi, na mmoja alikuwa amempa fedha kwa ajili yake.

Asubuhi yake alirudi Mtwara kwa basi la kwanza, kupitia Tandahimba na Nanyamba, na kwa siku tatu alizunguka Shangani na Msangamkuu akiuliza, picha mkononi. Wavuvi walimcheka kwanza. Kisha mzee mmoja alilitambua tanga kwa kiraka chake. Watu wa ngalawa ile walifika, jioni, wakiwa wamepoteza nyavu. Kijana alimpigia mama yake simu kabla ya kutupigia sisi.

Basi hatukumkataza. Dada yetu alituudhikia kwa muda, na hiyo ni haki yake. Tuliona kwamba mtoto huyu hana kaburi la baba la kuzuru, na kwamba anapokwenda kusimama mbele ya bahari iliyochafuka hafuati starehe tu, hata kama mwenyewe hajui kulisema. Kumfungia mlango huo kungemfanya aende kwa siri, na anayekwenda kwa siri hatafutwi mapema. Lakini tulimwekea masharti, naye aliyakubali mbele ya mama yake.

Kwamba asishuke peke yake. Awe na mtu wa pwani, mvuvi anayeyajua maji ya mahali pale, na amlipe ujira wa siku, kwani siku za upepo mvuvi yule hana kipato. Kwamba asisimame mahali ambapo maji yanayojaa yanaweza kumkatia njia. Kwamba kukitangazwa kimbunga, si upepo wa kawaida wa kusi, akae alipo au apande huku juu. Kimbunga hakina mahali pazuri pa kupigia picha. Kwamba asielekeze kamera bandarini wala penye mitambo na ulinzi bila ruhusa iliyoandikwa, kwa kuwa minara mingi iko katika maeneo ya namna hiyo na askari hawezi kujua nia iliyomo moyoni. Hili la mwisho lilimchosha, lakini tulilishikilia.

Mama yake aliongeza sharti lake, ambalo sisi tusingelifikiri. Kila picha atakayompelekea, aandike chini yake vyombo vilivyomo na kama vilirudi.

Tangu hapo picha huja kwenye simu ya dada yetu, naye hutuletea tuzione baada ya isha. Kijana ameanza kujulikana kidogo kwa wavuvi. Wengine humpigia kumuuliza utabiri, maana yeye huufuatilia kuliko wao, na hilo limempa kazi ambayo hakuitafuta. Picha zake nyingine, tukisema kweli, si nzuri kama zile za mwanzo. Ana wasiwasi, anatazama huku na huku. Ile ya Julai iliyopita ni ya kivuko cha Msangamkuu katika kusi, maji ya kijivu, mvua inakuja kwa pembeni, na hakuna kingine chochote ndani yake. Chini aliandika: "Mama, leo hakuna chombo. Wote wamevuta nchi kavu tangu jana."

Dada yetu aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama tumekwisha kununua bati.